Ni nani hasa anayewabana vijana waonekane wakamilifu: simu, wazazi au soko la ajira?

KigodaChaMwalimu · #1

Wanajukwaa, salamu. Ninafundisha sekondari mkoani Tanga, na kila unapokaribia msimu wa mahafali ya kidato cha nne husikia malalamiko yaleyale kwa wazazi, kwamba simu zimewaharibu watoto na kila mmoja anataka kufanana na watu anaowaona mtandaoni. Mimi naweka dai tofauti, na naomba mnipinge kwa hoja: anayembana kijana kuliko wote ni nyumbani kwake, na simu imekuja kuyakuta mambo hayo yakiwa tayari.

Mwaka jana binti mmoja mwenye uwezo mzuri darasani hakutokea siku ya mahafali yake. Nilidhani anaumwa. Baadaye nikafahamu kwamba mama yake ndiye aliyemzuia, kwa sababu gauni lilikuwa bado kwa fundi, viatu vilivyokuwapo ni vya shule, na shangazi kutoka Dar es Salaam alikuwa ameahidi kuja kupiga picha. Binti alikuwa tayari kabisa kuja na sare. Mama alinieleza bila kuficha kwamba wangechekwa, na waliokuwa wakimtia hofu ni majirani na mawifi zake, watu ambao wengi wao hata hawako kwenye mitandao.

Swali langu kwenu: ni nani anayewabana vijana, na tangu lini?

MpigapichaWaMji · #2

Mwalimu, nakubaliana nawe nusu. Nina studio ndogo Morogoro, na mahafali ya vyuo ndiyo yanayonilipia kodi ya fremu. Mteja akikaa nami kwenye kompyuta kuchagua picha, hanielezi mama yake anataka nini. Anataka nimng'arishe, nimpunguzie mashavu na kumtolea alama za chunusi, na wavulana huniomba niwajazie ndevu pembeni mwa kidevu. Nikimwonyesha picha niliyoigusa kidogo tu, huiweka sambamba na ile aliyojipiga mwenyewe, kisha anauliza kwa nini kamera yangu ya gharama inamtoa mweusi kuliko simu yake.

Simu nyingi siku hizi zinatoka dukani kamera ya mbele ikiwa tayari imewashiwa kilainisha ngozi, na mwenye simu hakizimi kwa kuwa hajui kama kipo. Vijana wengi ninaowahudumia hawajawahi kuiona sura yao pichani ikiwa haijaguswa, na wakiiona kwangu mara ya kwanza wanadhani nimewakosea. Hilo shangazi wa Dar es Salaam hahusiki nalo.

Chachandu · #3

Ndevu za kujaziwa! Mkuu, weka bei hapa, kuna wadau humu wanaohitaji huduma hiyo kwa dharura.

BiMkubwaNgamiani · #4

Mwanangu wa bandiko namba 2, usidhani kazi hiyo imeanza na kompyuta. Baba yangu mdogo alikuwa fundi wa studio hapa Tanga miaka ya 1970. Negativu iliwekwa juu ya kioo chenye taa chini yake, naye akiwa na penseli iliyochongwa ncha nyembamba sana alijaza taratibu kila kidoa kilichokuwa wazi, kwa sababu kilicho wazi kwenye negativu ndicho kinachotoka cheusi kwenye karatasi. Chunusi zikaondoka, makunyanzi yakaondoka, na mteja akaondoka ameridhika.

Studioni palikuwa na koti moja la suti, tai mbili na saa ya mkono kwa ajili ya wateja. Mtu mwembamba akivaa koti lile, lilibanwa pini mgongoni, ambako kamera haifiki. Nina picha ya marehemu mume wangu akiwa kijana na saa ile mkononi, na ninazo pia picha za vijana wengine wa mtaa wetu, kila mmoja ameukunja mkono namna ileile ili saa ionekane. Hawakuwa na simu, wala hawakutumwa na mama zao. Walitaka wasichana wawaone.

PwaniYaKaskazini · #5

Shikamoo Bi Mkubwa. Mimi ni wa Mombasa, na naomba nirudi nyuma zaidi ya hapo. Bibi zetu enzi ya ukoloni walikuwa na vyama vya lelemama, ngoma ya wanawake, na ushindani wa Ibinaal Watan na Banu Saada ulifikia mahali ambapo chama kilipimwa kwa mavazi ya wanachama wake na ukubwa wa karamu waliyoandaa. Wanaume nao walikuwa na beni, ngoma ya kuiga bendi za kijeshi. Dar es Salaam na Tanga walijigawa Marini na Arinoti, wakajishonea sare za kijeshi, wakajipa vyeo, na watu walifilisika ili kundi la upande wa pili lisiwazidi. Wengi wa waliocheza walikuwa vijana.

Kwa hiyo kwa swali la mwalimu la "tangu lini", jibu langu ni kwamba pwani hatukumbuki wakati ambapo jambo hili halikuwapo. Ukitaka kuheshimiwa mjini, ulitakiwa uonekane.

NesiWaZamu · #6

Ahsanteni kwa historia, lakini naona tunaelekea kulizoea jambo ambalo linatuletea wagonjwa. Saa ya kuazima haikumwumiza mtu. Mkorogo unaumiza.

Nawaeleza ninayoyaona wodini. Krimu nyingi za kujichubua zina haidrokwinoni, zebaki au steroidi kali, na mara nyingine muuzaji huchanganya vyote kwenye kopo moja lisilo na maelezo yoyote. Haidrokwinoni huzuia ngozi isitengeneze rangi yake ya asili, lakini ikitumika kwa muda mrefu inaweza kuigeuza ngozi ikawa nyeusi ya kibuluu, hasa mashavuni na juu ya vifundo vya vidole, na hali hiyo ni ngumu mno kuitibu. Zebaki huharibu figo. Steroidi huifanya ngozi iwe nyembamba, na mama wa namna hiyo akifanyiwa upasuaji wa uzazi, daktari hushona kwa tabu kwa kuwa uzi unaikata ngozi na kidonda kinachelewa kufunga. Hapa Tanzania viambato hivyo vimepigwa marufuku katika vipodozi miaka mingi iliyopita, tangu enzi za TFDA, iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, na mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi ukahamishiwa TBS, yaani Shirika la Viwango. Bado makopo yanauzwa chini ya meza.

Binti aliyenisikitisha kuliko wote alikuwa hajatimiza miaka 20. Nilipomwuliza nani alimwanzishia, alinitajia dada wa saluni aliyemwambia kwamba bwana harusi wake mtarajiwa angefurahi. Bwana harusi mwenyewe hakuwa amesema lolote.

MzalendoHalisi · #7

Haya yote yalishapatiwa dawa. Mwalimu Nyerere alitunga sheria miaka ya 1970 akapiga marufuku sketi fupi na krimu za kujichubua, na vijana wakanyooka. Turudishe utaratibu ule.

MtunzaMagazeti · #8

Ndugu Mzalendo, tuweke kumbukumbu sawa. Kampeni hiyo iliitwa Operesheni Vijana, iliazimiwa na Umoja wa Vijana wa TANU mwezi Oktoba 1968, na ilipangwa ianze tarehe 1 Januari 1969. Waliyoyapiga vita ni sketi fupi, mawigi, krimu za kujichubua na suruali za kubana. Mara tu baada ya tangazo lenyewe, vikundi vya vijana vilianza kuwazonga wanawake Kariakoo hadi polisi wakaitwa kuwatawanya, na barua za wasomaji zikafurika magazetini, nyingine zikiunga mkono na nyingine zikipinga.

Suala la kunyooka nalo linahitaji ushahidi, kwa kuwa mawigi na krimu tunazozungumzia leo ni zilezile. Tena mimi naiona kampeni ile kuwa ni sehemu ya tatizo hilihili: kijana aliambiwa na wakubwa namna kamili ya kuonekana ili ahesabiwe kuwa Mtanzania mwema, na aliyebeba mzigo mkubwa zaidi alikuwa msichana.

MzalendoHalisi · #9

Nimekuelewa kuhusu tarehe. Kuhusu kunyooka tutaendelea kutofautiana, maana mimi nilikuwepo na wewe unasoma magazeti.

MhitimuMtaani · #10

Naomba niwarudishe kwenye tumbo. Nimemaliza shahada ya uhasibu na ninatafuta kazi. Matangazo mengi ya nafasi za mapokezi, mauzo na benki yanataka mwombaji mwenye "muonekano nadhifu", na mengine yanadai picha iambatanishwe na barua. Kuna usaili mmoja tuliitwa kundi kubwa, na kabla ya mtu yeyote kuulizwa swali la fani yake, afisa alipita akitutazama kuanzia viatu hadi nywele, kisha baadhi yetu tukaambiwa tutapigiwa simu. Mimi nilikuwa nimeazima viatu vilivyonizidi nambari moja, nikavijaza karatasi mbele.

Wazee wanaposema vijana wanajikweza, wajue kwamba kwa wengi wetu huu ni mtaji. Kijana anayepiga picha pembeni ya gari la mtu anatafuta mteja, mchumba au mfadhili. Watu hawamkopeshi wala hawampi kazi mtu anayeonekana hana kitu. Kungekuwa na ajira zinazotosha, nadhani nusu ya picha hizo zisingepigwa.

Chachandu · #11

Mhitimu, na wale wenye kazi nzuri wanaopiga picha pembeni ya magari ya watu, wao wanatafuta nini?

MhitimuMtaani · #12

Wanatafuta kazi nyingine, mkuu.

DaktariWaMaandishi · #13

Watu wanaoitetea simu wanasahau kisa cha Fiji. Visiwa vile watu walipenda mwili mnene, lakini televisheni ilipoingia mwaka 1995, wasichana wote wakaanza kujinyima chakula ili wakonde. Chombo cha habari peke yake kilitosha.

TakwimuKwanza · #14

Kisa ni cha kweli lakini umekivuta. Utafiti huo ulifanywa na Anne Becker katika eneo la Nadroga, akawapima wasichana wa sekondari mwaka 1995, wiki chache tangu televisheni ifike, kisha mwaka 1998. Waliokuwa na dalili za matatizo ya ulaji walipanda kutoka asilimia 12.7 hadi asilimia 29.2, na waliojitapisha ili wapungue walitoka sifuri hadi asilimia 11.3. Hao si "wote", na wala hawakuwa wasichana walewale waliopimwa mara mbili. Yalikuwa makundi mawili ya watu sitini na kitu kila moja. Hata hivyo ni ushahidi mzito, na mwalimu wa bandiko la kwanza anapaswa kuujibu, kwa kuwa mama na mashangazi wa Fiji walikuwa wakiwasifu mabinti wanene.

Kwa upande wa pili, Thomas Curran na Andrew Hill walikusanya majibu ya wanafunzi zaidi ya 40,000 wa vyuo vya Marekani, Kanada na Uingereza kuanzia mwaka 1989 hadi 2016, wakakuta kilichoongezeka kuliko vyote ni hisia ya kijana kwamba watu wengine wanamtaka awe mkamilifu. Mwaka 1989 hapakuwa na Instagram. Hiyo ilianza mwaka 2010. Na mwaka 2022 watafiti haohao wakaonyesha kwamba vijana wa nchi hizo wanaona matarajio na lawama za wazazi wao zimeongezeka mwaka hadi mwaka. Hapo mwalimu anapata nguvu.

PwaniYaKaskazini · #15

Mkuu, vyuo vya Marekani na Uingereza vinatuhusu nini? Mwanafunzi wa kule analala chumba chake peke yake. Mwanafunzi wa Mombasa analala na wadogo zake watatu, na akiwa na huzuni nyumba nzima inajua kabla ya adhuhuri.

TakwimuKwanza · #16

Ni sawa, takwimu hizo ni za huko, na ndiyo maana nimetaja nchi. Lakini kwamba nyumba nzima inajua hakumaanishi kwamba hakuna mzigo. Inawezekana huo ndio mzigo wenyewe.

TwoYa18 · #17

Jina langu linajieleza. Kidato cha nne nilikosa Division One kwa pointi moja, kwa sababu ya kwanza inaishia pointi 17, na pointi chache ndizo bora. Matokeo yalipotoka, kundi la WhatsApp la ukoo lilikuwa limejaa picha za skrini za binamu zangu, huyu One ya 7, yule One ya 9, na pongezi zinamiminika. Nilikuwa nimekaa kando ya baba. Nilimwona akiandika matokeo yangu, akayafuta, akaandika tena, akafuta, mwishoni akatuma ujumbe kwamba mtandao unasumbua na bado hatujayaona. Kisha akaiweka simu kifudifudi na kuniuliza kama nimekula.

Baba yangu ni mtu mwema na hajawahi kunipiga hata kofi. Ningeelewa zaidi kama angenigombeza.

KigodaChaMwalimu · #18

Pole, kijana wangu. Two ya 18 ni matokeo mazuri, na nakwambia nikiwa mtu ninayeyaona matokeo ya wengi. Ndiyo maana nilifurahi Januari 2023 Baraza la Mitihani, NECTA, lilipoacha kutangaza shule bora na watahiniwa bora kitaifa.

MamaWaMabango · #19

Mwalimu, NECTA imeacha lakini barabara haijaacha. Ukitoka Dar es Salaam kwenda Kibaha utakutana na mabango ya shule binafsi yenye sura za watoto na pointi zao, makubwa kuliko mabango ya soda. Mtoto wangu alisoma katika mojawapo ya shule hizo (siitaji), na aliyekuwa nyuma alishauriwa kufanya mtihani kama mtahiniwa binafsi ili asiharibu wastani. Nililipa ada ileile. Kwa hiyo kwenye orodha ya mleta mada ongezeni shule, kwa kuwa naona mmezungumzia wazazi na kampuni za simu, na walimu mmejisahau kwa ustadi.

BintiWaMchungaji · #20

Naona karibu wote mmeng'ang'ania sura, nguo na alama, na hakuna aliyegusa mwenendo. Nimelelewa katika nyumba ya mchungaji, mkoani Iringa, na sikumiliki simu hadi nilipomaliza kidato cha sita. Nikicheka kwa sauti sokoni, habari ilifika nyumbani kabla yangu. Nilitakiwa niimbe kwaya, nifaulu, nisiwe na rafiki wa kiume, nisichoke kusalimia, na nisionekane nimenuna hata siku ya msiba. Nilivumilia makatazo, kwa kuwa hata wenzangu walikuwa nayo. Kilichonielemea ni kwamba kosa langu lilihesabiwa kuwa la baba. Mwaka niliofeli hisabati, wazee wa kanisa walikuja nyumbani kumpa pole, wakakaa sebuleni na kuomba kwa muda mrefu, na mimi ndiye niliyewapelekea chai.

Rafiki yangu ambaye baba yake ni imamu alinisimulia mambo yaleyale, tofauti ikiwa ni kwaya tu. Simu nilipoipata ilikuwa ahueni kubwa, kwa sababu mtandaoni niliweza kuwa mtu asiye na baba anayejulikana.

NesiWaZamu · #21

Dada, chapisho lako limenifanya nisimame kidogo. Sikuwahi kuifikiria simu kama mahali pa kupumzikia. Ila wasichana ninaowahudumia hununua krimu zao kupitia simu hiyohiyo, kwa hiyo sijui niihukumu vipi.

KigodaChaMwalimu · #22

Nashukuru kwa michango. Kisa cha Fiji kinanipa shida na sitajifanya hakipo, lakini naona kinaonyesha televisheni ikileta kipimo kipya, wakati mimi nazungumzia nani anayeshika kipimo hicho na kumpima nacho mtoto. Hata krimu ya bandiko namba 6 ilipitia kinywa cha dada wa saluni, na matokeo ya kijana wetu yalifutwa na kidole cha baba. MamaWaMabango, walimu tumekusikia.

BiMkubwaNgamiani · #23

Mwalimu, unawaonea wazazi. Mama akimzuia mwanawe asichekwe, yeye naye anabanwa na wale watakaocheka, na hao wanabanwa na wengine. Ukitafuta wa mwanzo hutampata. Halafu vijana si watoto wa kuburuzwa tu; mume wangu aliipenda saa ile. Kuna raha katika kupendeza, na mmeijadili hapa kama vile ni ugonjwa.

Chachandu · #24

Norway tangu mwaka 2022 tangazo lenye mwili uliorekebishwa kwa kompyuta lazima libandikwe alama. Tukiiga hapa, kadi za "kitchen party" zote zitagongwa mhuri, na bwana mpigapicha atahamia kwenye kilimo.

MhitimuMtaani · #25

Tukimtaja huyo, nina swali lake. Mkuu MpigapichaWaMji, picha ndogo za kuambatanisha na maombi ya kazi, nazo unazigusa?

MpigapichaWaMji · #26

Za hati ya kusafiria sizigusi, kwa sababu zitakataliwa. Za maombi ya kazi karibu kila mteja ananiomba, na mimi ni mfanyabiashara. Nikuongezee jambo linalogusa hoja yako ya bandiko namba 10: kuna mwajiri aliyenikodi niwapige picha wafanyakazi wake wote kwa ajili ya kalenda ya kampuni, akaagiza niwang'arishe wale wa mapokezi na masoko, na wa stoo niwaache walivyo.

MhitimuMtaani · #27

Na wa mapokezi walikubali?

MpigapichaWaMji · #28

Mmoja alikataa, na kalenda ilipotoka hakuwemo. Waliobaki walikubali, kisha kila mmoja wao kwa wakati wake akanitafuta pembeni kuniomba nakala yake.